Salfa Niliyoiweka Chumbani

Mimi ndiye niliyemuua mke wangu. Msibani watu waliniambia ni kazi ya Mungu, nami nikaitikia tu. Leo nasema.

Huku kwetu Mitole, salfa ya kupuliza mikorosho isipate ugonjwa wa ubwiri ikishagawiwa, hakuna anayeiacha nje. Itaibiwa, au italowa. Yangu niliipanga chumbani, mifuko imeegemea ukuta. Nyuma yake ulipita waya wa ekstensheni uliopeleka umeme kwenye friji ya mke wangu. Alikuwa anauza barafu.

Waya ule ulikuwa umechubuka. Friji ikiwaka, fyuzi inakatika, barafu inayeyuka, mke wangu ananuna. Badala ya kutafuta kinachoikata, nilichomoa fyuzi nikafunga kipande cha waya mnene. Haikukatika tena. Nikajiona fundi!

Harufu ya salfa ilimkera. Siku moja, mdogo wangu amekuja kututembelea, mke wangu akaniambia, "Baba Shani, hiyo salfa inanikaba. Itoe."

Nikamjibu, "Salfa inaua ubwiri, mama. Haiui mtu."

Mdogo wangu alicheka. Hata mke wangu mwenyewe alicheka.

Wiki ile ile nikiwa shambani, mke wangu alirudi mapema kutoka kuuza barafu, kichwa kinamuuma, akafunga mlango akalala. Waya ukapata moto, mfuko ukashika. Salfa haiwaki kwa kishindo, jamani. Inaungua taratibu, mwali mdogo wa buluu, ila moshi wake unakata pumzi. Jirani alisikia kikohozi, akadhani mafua. Kikohozi kilipokoma, akadhani amepata usingizi.

Nilipofika majirani walikuwa wamemlaza barazani. Nyumba haikuungua. Ukutani palibaki weusi tu, mpana kama mkeka wa kuswalia. Taa ya ukumbini ilikuwa bado inawaka, kwa sababu fyuzi yangu haikatiki.

Sasa kila msimu wa kupuliza, harufu ikitoka mashamba ya wenzangu, namsikia akicheka. Shani aliniuliza mama yake alikufa na nini. Nikamwambia moshi. Sijamwambia nani aliuwasha.

Wewe uliyefunga waya kwenye fyuzi, usingoje kumaliza kusoma. Zima umeme, mwite fundi atafute kinachoikata. Salfa ijengee banda lake, mbali na mnapolala. Na mkeo akisema inamkaba, usimchekeshe.

Itoe.