Walinzi wa Kichwa cha Baba

Baba yangu alikuwa mkubwa wa ronde, zamu ya ulinzi wa usiku, pale Bihambwe, Masisi, miaka ile ya vita ambayo kila kijiji kililinda usiku wake chenyewe. Kosa moja tu hakuwahi kulisamehe: mlinzi kulala. Aliyekutwa akikoroma alimwagiwa maji ya baridi, na kesho yake sokoni watu walimcheka mpaka akarudi nyumbani. Mimi, binti yake, muuguzi wa kituo cha afya, niliona baba anazidisha.

Kichwa kilianza kumuuma msimu wa kupanda maharage. Nikampa dawa ya malaria, kisha ya minyoo. Najua, najua. Alipoanza kuangusha kikombe kwa mkono wa kushoto ndipo tukashuka Goma. Daktari alitazama picha za skana, akatuambia kuna tumeri, nyama iliyoota ndani ya ubongo, mahali ambapo kisu hakifiki.

Baba akauliza kwa nini mwili wake haukuifukuza. Swali ambalo mimi sikuwahi kuuliza hata shuleni. Daktari akaeleza kwamba ubongo una walinzi wake, chembe ndogo sana zinazozunguka zikitafuta kibaya. Ziliiona tumeri, zikaikimbilia, lakini tumeri ikazigeuza. Sasa ndizo zinazoilisha na kuificha. Nchi za mbali, alisema, wataalamu wanatafuta namna ya kuzirudisha upande wetu. Sisi tulipewa vidonge vya kupunguza kuvimba, tukaonywa tusiviache ghafla.

Vidonge vilifanya kazi. Baba akala, akatania, akagombana na jirani juu ya mpaka wa shamba. Nikaanza kutumaini kama mjinga. Siku moja nikiwa nafua, akaja kusimama karibu na beseni.

"Mutoto yangu, hii dawa inafanyaka nini kabisa?"

Nilikuwa nimechoka, na nilijivunia kujua kueleza mambo ya kitabu kwa lugha ya nyumbani. "Inalalisha bale bazamu ya mu kichwa, Papa. Bakilala, kichwa haivimbe."

Zamu, kwetu, ni mlinzi; bazamu ni walinzi. Baba akaenda zake. Nami, mpumbavu, nikaendelea kusugua shati. Kati ya watu wote wa Masisi, huyo ndiye niliyemwambia kwamba walinzi wamelazwa!

Siku ya sita maumivu yakarudi kwa nguvu. Akatapika, mguu ukakataa. Nilipotandua kitanda nikakuta vidonge chini ya mkeka, vimefungwa vizuri ndani ya kitambaa.

"Papa, juu ya nini?"

"Bazamu yangu balikuwa banalala. Nilibalamusha." Eti amewaamsha! Akakishika kichwa kwa mikono miwili. "Unaona vile inauma? Njo banapigana."

Hasira ilinipanda, ikakosa pa kwenda. Nikavisaga vidonge ndani ya uji, lakini hakuweza tena kumeza. Sindano za dawa hiyo kituoni hazikuwepo. Wenye bunduki walikuwa wamebeba kila kitu, hata mizani ya watoto. Njia ya Goma ilikuwa imefungwa na mapigano, na hakuna mwenye pikipiki aliyekubali hata kunisikiliza. Nilibaki na diploma yangu na kitambaa cha maji, nikimpangusa midomo.

Alasiri ya pili akaniita, sauti imekwisha.

"Banashinda?"

Nilijua walinzi wale wako upande gani. "Banashinda, Papa."

Akatabasamu upande mmoja wa uso, ule uliobaki wake. "Unaona? Ile dawa yako njo ingeniua."

"Ndiyo, Papa," nikasema.

Akanipapasa mkono, kama mtu anayemtuliza mtoto aliyekosea. Alikufa kabla jua halijashuka, akiwa amenisamehe zile dawa.