Kadi ya Kumi na Moja

Mume wangu aliniachia redio isiyoshika stesheni, viti viwili vya mbao, na kopo la maziwa lenye kadi za wachezaji mpira ambao hakuna mtu Kasongo anayewakumbuka. Redio nilimpa shemeji. Kopo nililiweka juu ya kabati nikaapa sitaligusa. Mwezi wa pili wa eda nililishusha.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Mwanzoni nyumba hujaa wanawake. Wanapika, wanalia, wanasengenya kidogo, halafu kila mmoja anakumbuka shamba lake. Watoto wetu wako mbali na wanapiga simu siku wakipata mtandao. Unabaki wewe na kuta zako, na mtu asikudanganye kwamba kuta ni za kuzungumza nazo. Nilikuwa mpweke mpaka nikachukia sauti ya kijiko changu mwenyewe kwenye sahani.

Mchezo wa kadi hizo mume wangu alifundishwa na mzungu mmoja aliyekuja kuchimba visima, zamani kidogo. Alikuwa na sanduku la besiboli, mpira wa Wamarekani wanaopiga kwa gongo. Wachezaji wa zamani wameandikwa kwenye kadi, kila mmoja na uwezo wake, unarusha dadu, kadi inakuambia kimetokea nini. Mzungu yule hakuwataka mashujaa. Timu yake aliichagua kwa wale waliosahauliwa hata kwao. Mume wangu hakuelewa besiboli hata chembe, lakini jambo hilo lilimkaa moyoni. Alisema mashujaa wa Kasongo hawana haja ya kadi, maana wanatajwa sokoni kila siku.

Basi akakata makatoni ya sabuni. Mama yake alisema dadu ni haramu, naye akaandika nambari kwenye vifuniko kumi na viwili vya chupa, akawa anachota kimoja bila kutazama. Kila kadi ina mistari kumi na miwili: pasi, amepoteza, shuti, goli. Ukichota kifuniko cha nne, unasoma mstari wa nne. Ni hayo tu.

Kila siku baada ya alasiri aliketi kiti cha kwanza akacheza upande wa Kasongo, kisha akainuka, akaketi cha pili, akawa Kabambare, wapinzani wetu. Mara nyingi aliniita nikae nimchezee Kabambare. Nilimjibu kwamba mtu mwenye mvi hachezi vifuniko, na kwamba majani ya muhogo ya sombe langu hayajitwangi. Akainuka, akabadili kiti.

Nilipozitoa kadi, za Kasongo nilikuta kumi. Ya kumi na moja ilikuwa tupu, imekatwa vizuri, bila jina wala mstari. Timu ya watu kumi haianzi mpira. Nikajua wa kumi na moja nitamchagua mimi.

Wala msicheke. Mpira sikuwahi kwenda kuutazama, lakini wale watu niliwajua kuliko waliowashangilia, kwa sababu jezi zao nilizifua mimi, kijitoni, kwa malipo ya sabuni na pengine samaki wa Nyangwe. Jezi haisemi uongo. Beki wa kushoto, aliyekuwa akitembea kutoka Wamaza siku nzima kuja kucheza, jezi yake ilichanika kifuani kila wiki. Mume wangu alikuwa amempa mistari mitano ya kupoteza. Nilifuta mitatu. Kipa, aliyekwenda Salamabila kutafuta dhahabu na hakurudi tena, enzi zake alirudisha jezi yenye udongo upande wa kulia tu. Kushoto hakuwahi kuruka, maskini, na nikaandika hivyo kwenye kadi yake.

Kwa hiyo nilijua pia habari za mume wangu. Katika timu hiyo alikuwa mchezaji wa akiba. Uwanja wetu ni wa udongo mwekundu, udongo usiotoka hata kwa sabuni mbili. Matope yake yalikuwa meusi, ya kijitoni, yakatoka kwa suuza ya kwanza. Alikaa benchi mpira mzima, kisha njiani akajipaka. Nililijua hilo tangu Jumapili ya kwanza, nikanyamaza. Nilipokea jezi na kumwuliza: leo uliangukaje? Naye akanisimulia mpira wote, nani alimkanyaga, nani alimrushia, mpaka ugali ukapoa.

Kadi tupu ilikuwa yake, sikuwa na shaka. Shida ilikuwa kuandika nini. Sikutaka kumpaka matope mengine, na wa kumwuliza hakuwapo.

Mwezi wa tatu alikuja nahodha wao wa zamani, ambaye sasa analima Wamaza na habari za msiba zilimfikia kwa kuchelewa. Alikuja na mkewe kwa pikipiki. Mkewe aliingia, yeye akabaki barazani, pazia katikati yetu kama ilivyo desturi. Baada ya pole nilimwuliza mume wangu alichezaje.

“Mama, ule bwana yako tulibaki naye myaka saba,” alisema. “Aliingia mara moja tu, kule Nyangwe. Mpira ulimufikia mara mbili. Wa kwanza alipoteza. Wa pili alipana pasi muzuri.”

Nilimwuliza kama waliona yale matope.

“Tuliona. Kila mara tulikuwa tunamungoja ku mutoni. Siku moja nikamuuliza, matope ya nini? Akasema: bibi yangu anajua. Lakini nikirudia na jezi safi, hatakuwa na kitu ya kuniuliza.”

Mkewe alinishika mkono. Nililia mbele ya mgeni, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya maziko. Mume wangu alijua kwamba najua. Na timu ilipovunjika, matope yakaisha, akatafuta kitu kingine cha kuniletea tupate kuzungumza, akaleta kopo. Nami nikamwambia habari za sombe.

Walipoondoka nilichukua kalamu. Mkono ulitaka sana kuandika goli, japo mstari mmoja. Sikuandika. Nilimpa mistari sita ya kupoteza na sita ya pasi, kama Nyangwe, na juu nikaandika jina lake lote, mpaka la babu yake.

Siku ya pili baada ya alasiri niliketi kiti chake cha kwanza, nikawapanga kumi na mmoja. Beki wa Wamaza alitoa mpira, ukamfikia mume wangu. Nilichota kifuniko. Amepoteza.

“Leo uliangukaje?” nilimwuliza.

Kisha niliinuka nikaenda kukaa kiti cha pili, kwa kuwa mpira ulikuwa wa Kabambare.