Si Lazima Kula

Ijumaa hiyo niliamka nikiwa nimeshashindwa. Mimi ni mtu wa kupanga kete za chesi mezani, kisha kuzirekebisha moja moja hadi farasi wote waangalie upande mmoja, na siku hiyo nilizirekebisha mara tatu kabla watoto wa gredi ya pili hawajarudi kutoka mchezoni. Mwalimu mkuu alikuwa anakuja kututazama. Alikuwa amenipa saa ya mwisho ya kila Ijumaa kwa muhula mmoja nifundishe chesi, akaniambia, "Nionyeshe kwamba inawafanya wafikirie. La sivyo, hiyo saa nairudishia hisabati."

Nami nilikuwa na siri: niliamini hawafikirii hata kidogo.

Hakuna aliyenifundisha chesi. Nilijifunza kwa simu, katika chumba changu cha kupanga hapa Molo, blanketi mabegani kwa baridi, nikichapwa na simu hiyo hiyo hadi nikaanza kuelewa ni kwa nini nachapwa. Mimi ninayesoma ujumbe mara nne kabla ya kuutuma nilikuwa nimepata mchezo unaoniruhusu kukaa kimya nifikirie! Nilitaka watoto wangu waonje furaha hiyo. Nikachora mbao za chesi kwenye kadibodi, nikatafuta kete za plastiki, nikawaonyesha: ngome huenda hivi, farasi huruka hivi. Walishika upesi kuliko nilivyoshika mimi.

Lakini wakianza kucheza, walikuwa wanakula tu. Chochote kilicholika kililiwa papo hapo. Malkia alimla askari aliyelindwa, akaliwa, na aliyemla akaliwa pia. Baada ya dakika kumi ubao ulikuwa mtupu kama shamba la viazi lililokwisha kuvunwa. Waliosimama kando walipiga kelele, "Kula! Kula!" nami nikadhani wanashangilia. Kila wiki nilirudia, "Fikiria kabla ya kula." Wakaitikia, "Ndiyo, ticha," halafu wakala. Kwenye daftari langu niliandika: Hawana subira. Nikafuta, nikaandika: Mimi sijui kufundisha. Hilo sikulifuta.

Kuna jambo jingine ninaloona haya kulisema. Muhula mzima sikuwahi kucheza na mtoto hata mmoja. Nilizunguka kati ya meza, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Niliogopa kushindwa na mtu wa miaka saba mbele ya watu wengine wa miaka saba.

Mwalimu mkuu aliingia na koti lake zito, akakaa nyuma kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika karibu na kifua. Michezo ikaanza. Kula, kula, kula. Nilimwona akitazama saa yake.

Kwenye meza ya mbele kulikuwa na msichana asiye na meno mawili ya mbele. Hakuwa anasogeza chochote. Alikuwa ameikalia mikono yake, machozi yakimlengalenga.

"Si ukule!" mvulana aliyecheza naye alimhimiza. "Unaogopa nini? Kula bana!"

Nikainama. "Kuna nini, mama?"

"Ticha, nikikula huyu askari na malkia, farasi yake itakula malkia yangu."

Alikuwa ameuona mtego! "Sasa mbona usimwache huyo askari?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Si ni lazima?"

"Lazima nini?"

"Kukula."

"Ni lazima, ticha," mvulana akanieleza kwa huruma. "Ukikataa kukula, unatolewa kete. Hata kule kwa malori ni hivyo."

Kule kwa malori! Kando ya barabara, wapakiaji wa viazi wakisubiri kazi hucheza drafti kwa vifuniko vya soda, na watoto wangu husimama hapo kila jioni wakitoka shule. Kwenye drafti yao, kete ikiweza kula, sharti ile. Watoto walikuwa wameileta sheria hiyo darasani, na mimi, ambaye sijawahi kucheza drafti, sikufikiria kuwaambia kuwa kwenye chesi haipo. Kelele zile hazikuwa za kushangilia. Walikuwa wanakumbushana sheria. Laiti ningecheza na mmoja wao mara moja tu, nikamwacha askari mmoja bila kumla, angenipigia kelele mimi pia na ningejua siku ya kwanza.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama, anasikia kila kitu. Nikaligeukia darasa. "Kosa ni langu," nikawaambia. "Sikuwaeleza. Kwa chesi kula si lazima. Ukiona mtego, unaacha."

"Ati?"

"Ticha! Na zile malkia zangu zote?"

"Mimi nilikuwa najua ni mtego! Nilikuwa najua tu!"

Wakaanza kupanga kete upya bila kuambiwa, wakisukumana, wengine wakicheka na wengine wamekasirika kabisa. Walikuwa wanafikiria muda wote huo! Nilitaka kurukaruka.

"Mwalimu," mwalimu mkuu akaniita. Akamwonyesha yule msichana. "Hebu keti ucheze na huyu."

Nikaketi. Darasa zima likatuzunguka. Baada ya hatua kama kumi nikamwekea chambo: askari mbele ya malkia wake, naye farasi wangu akimlinda. Msichana akaikalia mikono yake. Akamtazama askari, akamtazama farasi, kisha akanitazama mimi.

"Kula huyo!" sauti nzito ikatoka juu yetu.

Alikuwa mwalimu mkuu. Kumbe naye hupitia kwa malori.

"Si lazima, sir!" darasa zima likamjibu kwa pamoja. Mwalimu mkuu akacheka hadi akashika ukuta. Msichana hakucheka. Alitoa mkono mmoja, akamsogeza askofu wake taratibu hadi pembeni, na hapo hapo nikaona ngome yangu imo hatarini wala sikuwa nimejua.

"Saa ya Ijumaa ibaki," mwalimu mkuu alisema, akiwa ameinama juu ya ubao. Nilifungua mdomo kumshukuru. "Nyamaza kwanza, mwalimu. Fikiria. Huyu anakumaliza."