Mbeleko ya Mwajabu

Nyumbani kwa Mwanaheri nguo haikuwa na ruhusa ya kufa. Watu wa Mahege watakuapia kwamba shati la marehemu mumewe, Mzee Ismaily, lilitiwa viraka hata viraka vyenyewe vikatiwa viraka, likawa zito kama debe la mpunga. Upepo ulipoezua bati la madrasa, walilitandika shati lile juu ya boriti, na masika yote yakapita hakuna mtoto aliyelowa. Asiyeamini aende akaulize madrasa.

Kanga ilipoingia mpya ilikuwa ya kutokea: harusini, msibani, hospitali. Ikianza kupauka, ikashushwa cheo ikawa ya kushindia. Ikichanika ikapelekwa shamba, ikapigane na miba. Ikirudi hoi kutoka shamba, ikasokotwa kata ya kutwikia ndoo. Na ikishindwa hata na ndoo, ndipo ilipoingia kwenye furushi la matambara nyuma ya mlango, kungoja wageni wake. Wageni hao walikuwa mafundi wa maboti kutoka kwenye visiwa vya delta. Walijua kuwa tambara la pamba likichovywa mafuta na kupigiliwa kwenye ufa wa mbao hufura likaziba, maji yasipate pa kupita. Wakipanda huku juu walikuwa hawampiti.

"Chukueni, chukueni," alikuwa akiwaambia. "Tambara lisilale. Tambara likilala linazaa panya."

Lakini katikati ya furushi lile, limekunjwa likakunjwa tena, palikuwa na tambara moja lililolala miaka yote, wala halikuzaa panya. Hilo hakuna aliyelijua ila yeye.

Ilikuwa mbeleko ya Mwajabu.

Mwajabu alikuwa binti yake wa pekee. Msimu ule, akiwa na mimba ya pili, alikwenda na mumewe delta kulinda mpunga, wakakaa juu ya dungu wakifukuza ndege. Mtoto wake wa kwanza, Yasmini, ndiyo kwanza anasimama dede, akamwacha kwa mama yake pamoja na kanga aliyokuwa akimbebea. Alimfunga mwenyewe mgongoni kwa mama yake, akavuta fundo, akasema, "Mama, mkaze vizuri. Huyu anapenda kuchomoa mkono." Kanga ile ilikuwa na jina lake, *Abebwaye hujikaza*. Mwanaheri hakujua kusoma, lakini jina la kanga nani asiyelijua?

Uchungu ulimshika Mwajabu hukohuko juu ya dungu, miezi haijatimia. Wakampakia mtumbwini. Mtumbwi ulikuwa unavuja. Mwenye mtumbwi akasema, "Maji kidogo tu haya, tutayafua." Wakayafua kweli, wakiyamwaga nje kopo kwa kopo, lakini mikono ya kufua maji ndiyo hiyohiyo ya kupiga kasia. Walipofika Nyamisati, Mwajabu alikuwa amekwisha kunyamaza.

Baada ya arobaini, nguo za marehemu ziligawiwa, kama ada ilivyo. Rukaya, dada wa mume, alikuja na mfuko mkubwa kuliko msiba. Akachukua za kutokea, akachukua za kushindia, na alipomaliza akaiona ile kanga mgongoni kwa Mwanaheri, mtoto amelala ndani yake.

"Na hiyo, Mama Mwajabu? Ni ya wifi yangu hiyo. Imekwisha, lakini itanifaa kwa kudekia."

"Mtoto amelala, Rukaya."

"Akiamka basi."

Mtoto alipoamka, mbeleko haikuonekana. Mwanaheri alisema imeanikwa, kisha akasema imepeperuka, kisha akasema ameiona juu ya mnazi wa jirani, na kima mmoja amejitanda anakwenda zake msikitini. Rukaya akaondoka akisonya. Kila aliporudi alifungua sanduku la Mwanaheri kana kwamba anatafuta uzi. Furushi la matambara hakuligusa. Nani afungue furushi la matambara? Basi likawa hapo, na Mwanaheri akawa analifungua Ijumaa, akiwa peke yake, anaitoa ile kanga ipate jua kidogo, anaiweka puani, anairudisha.

Alikuwa akiiwekea siku moja tu. Siku Yasmini atakapoolewa, waoaji wataleta mbeleko, doti mpya ya kumshukuru aliyembeba bibi harusi. Yeye ataipokea hiyo mpya, kisha atamkabidhi Yasmini ile ya zamani mkononi, amwambie: hii ndiyo mama yako. Maana Yasmini hakuwa na kitu kingine cha mama yake, hata picha.

Yasmini akakua, akapenda vipya kama wenziwe. Akaagiza gauni kwenye simu, likaja likimetameta. Lilipofuliwa mara ya kwanza, ikabaki kola na majuto.

"Lete nilitie kiraka," alisema bibi yake.

"Bibi, utashonea wapi? Limekuwa nyavu."

"Basi tukavulie kambare."

Wakacheka mpaka Yasmini akalia. Lakini tangu siku hiyo akawa anakaa na bibi yake jamvini, akajifunza kugeuza kola, kupindua pindo, kuchagua kitambaa kwa kukisugua kati ya vidole kabla ya kuitazama rangi. Akichakaza nguo anauliza mwenyewe: hii iende wapi sasa? Mwanaheri alimtazama akaona kazi yake imepata mrithi.

Akaposwa na Twalibu, kijana wa Maparoni, kisiwani kabisa. Mwanaheri alikubali, lakini kwa shingo upande. Tangu msiba ule hakuwa amekanyaga chombo cha maji.

Harusi ilipokaribia, Rukaya alitoka Kibiti mjini na gunia la sare za zambarau, zinang'aa kama mgongo wa mjusi.

"Mama Mwajabu, siku hiyo wote tunavaa hizi. Sitaki kuona kiraka."

"Kiraka kina kosa gani?"

"Kinatutangaza."

"Kinatangaza bure. Wewe hizo umezinunua." Mwanaheri akaipapasa. "Na ikiisha harusi, inakwenda wapi?"

"Inakaa kabatini. Harusi nyingine ina sare yake."

"Maskini. Mnaikalisha eda na haijafiwa."

Yasmini alificha uso kwenye mtandio asicheke mbele ya shangazi yake. Hata hivyo Mwanaheri aliipokea sare. Harusi haitaki ugomvi.

Siku chache kabla ya akidi, Mwanaheri alirudi kutoka shamba, akaingia nyuma ya mlango, akakuta sakafu tupu.

"Yasmini! Furushi liko wapi?"

"Nimempa Mjomba Mtoro, Bibi." Mtoro alikuwa mjomba wa Twalibu, fundi wa maboti. "Alipita wewe ukiwa shamba. Analifanyia kazi boti letu... lile watakalonipakia." Akaona haya, akaendelea kuchambua mchele. "Nilichambua kwanza, kama ulivyonifundisha. Nikaangalia kama kuna cha kushonea. Hakuna, Bibi, zote zimechoka."

"Zote?"

"Zote. Katikati mlikuwa na kanga moja imejikunja peke yake, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikamwambia mjomba, hii ndiyo itaingia vizuri kwenye ufa, pamba tupu." Akainua macho. "Si umesema tambara lisilale? Nimekosea?"

Mwanaheri alikaa juu ya kinu. Angemwambia nini? Kwamba amekosea kwa kutii? Mtoto ana wiki ya kuolewa, mikono yake ina hina, umpe kilio akashike mkononi?

"Hukukosea," akasema. "Umechambua vizuri."

Kulipokucha alitafuta kanga ya kujifunga. Yasmini alikuwa amezifua zote kwa ajili ya wageni, bado zinachuruzika kambani. Iliyokuwa kavu ni ile sare. Akaivaa, akapanda bodaboda hadi Kibiti, akapata gari la Nyamisati. Dereva wa bodaboda aliapa baadaye kwamba bibi yule hakusema neno njia nzima, na kwa kuwa alikuwa Mwanaheri, watu hawakumsadiki.

Boti lilikuwa limeegeshwa juu ya tope, limeinamia ubavu mmoja, na Mtoro amechuchumaa chini yake na nyundo na patasi butu. Kando yake bakuli la mafuta. Alipomwona alisimama, akajifuta mikono.

"Shikamoo, mkwe! Umependeza, utadhani harusi leo. Umekuja kukagua gari la bibi harusi?"

"Marahaba. Matambara niliyopewa... nilitaka kusema uliyopewa. Yako wapi?"

"Yamefanya kazi!" Akapitisha kidole kwenye mstari mrefu wa mbao. "Tazama. Kile kikanga chembamba, mkwe, sijapata kuona. Kinakunywa mafuta kama mtoto. Nimekipasua utepe, nimekipigilia huu wote."

Mwanaheri aliinama. Kwenye ufa, kati ya ubao na ubao, alikiona. Ukingo mwekundu uliopauka, umebanwa, unang'aa kwa mafuta. Akauwekea kidole.

"Kinatoka?"

"Kitoke? Kikitoka kinatoka nyuzi." Mtoro akamtazama usoni, akaacha kucheka. "Kulikuwa na kitu, mkwe?"

Macho ya Mwanaheri yalikuwa yameona kitu juu ya jiwe. Nusu ya kanga, haijapasuliwa. Akaiokota. Herufi zilikuwa zimefutika, lakini yeye alijua zilikuwa wapi, na vidole vyake vilizisoma. Aliiweka puani. Ilinuka mafuta ya chombo, na chini ya mafuta hapakuwa na harufu nyingine.

"Hii umeimaliza kazi?"

"Hiyo ilikuwa ya mshono wa chini, pale mkukuni, kwenye uti wa boti. Ndio uliobaki. Lakini ukiitaka, mkwe, ichukue. Yaliyobaki furushini yale," akaonyesha kwa mguu, "ni nguo za siku hizi. Nailoni. Ukizipigilia zinatema, hazishiki mafuta."

Mwanaheri akashika ncha ya sare aliyojifunga. "Pasua hii."

Mtoro akaipapasa, akatikisa kichwa. "Nayo ndiyo hizohizo, mkwe. Plastiki ya zambarau."

"Sasa mshono wa chini utaufanyaje?"

"Aa, usihofu. Nitabandika hizo nailoni, muradi siku ipite. Maji kidogo yakiingia, tutayafua."

Kima walikuwa wakigombana kwenye mikoko, na maji yalikuwa mbali bado. Mwanaheri alisimama ameikumbatia nusu ile kifuani. Nusu ingemtosha. Nusu ya kanga ni kitu; angeifua mafuta kwa majivu, akaipinda pindo, akamkabidhi Yasmini. Hii ndiyo mama yako, ingawa ni nusu. Nani ana mama mzima? Angetembea nayo hadi barabarani, akapanda gari, na maji kidogo yangefuliwa.

"Umesemaje?" akauliza.

"Nimesema tutayafua, mkwe."

Akakaa chini topeni na sare yake ya zambarau. Akatia ncha ya kanga menoni, akaanza kuipasua yeye mwenyewe, utepe baada ya utepe, taratibu, akifuata uzi usikatike. Kila utepe aliuchovya mafuta, akamkabidhi Mtoro. Mtoro alipiga nyundo bila kuuliza tena. Utepe wa mwisho ulipotoka mkononi mwake, alibaki ameinyoosha mikono vilevile, kama mtu aliyekuwa anapokezwa mtoto.

"Kaza," alisema. "Kaza vizuri."

Akidi ilisomwa Mahege. Wanawake walimetameta zambarau, Rukaya akapiga picha mpaka simu ikazima. Waoaji wakaleta mbeleko kwenye sinia, doti mpya yenye marashi, wakamwekea Mwanaheri mapajani kwa vigelegele: "Kwa aliyembeba!" Akaipokea kwa mikono miwili. Yasmini aliinama akamnong'oneza, "Bibi, unalia. Si unaipenda?"

"Naipenda. Ina harufu ya dukani tu. Itazoea."

Alitaka kumpa kitu naye. Alikuwa na sindano yake ya siku zote, imetungwa kipande cha uzi. Akamchomekea Yasmini upande wa ndani wa buibui, pasipoonekana.

Wakateremka wote hadi Nyamisati. Maji yalikuwa yamejaa, boti limesimama wima. Yasmini akabebwa asikanyage tope, akaketishwa katikati, juu ya mkuku. Mtoro alikuwa nyuma kwenye mashine.

"Mkwe, bado pana siti ya dirishani!" alimwita Mwanaheri. "Njoo uiwahi!"

"Nendeni. Mimi na maji hatusalimiani." Kisha akauliza, kwa sauti ambayo ilibidi airudie. "Pana maji ndani?"

Mtoro aliinama, akapitisha kiganja sakafuni, akakiinua wote wakione.

"Pakavu, mkwe! Pakavu kama jamvi!"

Wanawake wakapiga vigelegele, mashine ikanguruma, boti likajitenga na ukingo. Kopo la kufulia maji lilikuwa limening'inizwa msumarini, halina kazi. Mwanaheri hakulitazama boti juu, palipokuwa na maua na kanga na nyimbo. Alilitazama chini, pale linapokutana na maji, mpaka lilipofika kwenye kona ya mikoko. Hapo Yasmini, aliyeambiwa atulie kama bibi harusi, alitoa mkono nje ya ubavu wa boti, akautumbukiza majini.

"Ingiza mkono!" Mwanaheri alipiga kelele, peke yake ukingoni, na boti limekwisha kupinda. "Mwajabu, mkaze, anachomoa mkono!"