Kabla ya Kuwasha Tena

Mwanzoni mwa miaka ya tisini niliitwa kazini Pwani, kwenye mtambo wa umeme unaozungushwa na turbini ya gesi. Baba alikataa katakata. Alikuwa dereva wa mashine ya kuvuna ngano huko kwetu Timau, mtu asiyeogopa injini yoyote, ila moto. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu hadi kwenye kiwiko. Siku moja stovu ya kupampu ilizimwa na upepo, mafuta yakaendelea kuchuruzika, naye akakimbilia kiberiti; mvuke ukamlipukia.

Nyumbani tuliongea Kimeru, lakini habari za mashine Baba alizizungumza kwa Kiswahili cha gereji, na hapo nilijua hakuna mzaha.

"Huko ndani iko upepo mingi?"

"Mwingi sana, Baba. Ndiyo maana upepo huo huzungushwa pale mafuta yanapoingilia, moto ujizungukie papo hapo usipeperushwe."

"Na ikizima?"

Ningeweza kumdanganya. Kazi ile niliitaka kufa kupona.

"Kuna siku huzima, hewa ikizidi mafuta. Mtambo wenyewe hufunga mafuta. Halafu tunapitisha hewa tupu mpaka mvuke wote utoke, ndipo tuwashe tena."

"Nani anangojanga?"

"Mimi."

Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Wewe? Wewe unapakuanga githeri haijaiva!"

Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa kweli.

Asubuhi iliyofuata Mama alikuwa akichemsha chai kwa stovu. Baba akafungua mlango wa jikoni, baridi ya Timau ikaingia kwa kishindo, mwali ukaruka na kuzimika. Harufu ya mafuta ikatapakaa. Baba akanirushia kiberiti, akakunja mikono.

Nililegeza skrubu, presha ikatoka. Nikafungua dirisha. Nikangoja. Mama akalalamika kwamba chai inapoa. Nikafuta mafuta yaliyomwagika, nikanusa, nikangoja tena, meno yakigongana. Nilimpenda sana yule mzee, na nilitamani kumtupia sufuria. Mwishowe aliyechoka ni yeye.

"Si uwashe sasa?"

"Bado, Baba."

Kisha akamgeukia Mama. "Mtafutie sanduku la safari," akasema, akatoka nje haraka tusimwone macho.