Breki za Nyuma Siku ya Kumzika Mama

Mama alifariki alfajiri, kijijini kwetu upande wa Kiranjeranje, nami nilikuwa Lindi mjini, chini ya lori la watu nikilitengeneza. Habari nililetewa na dereva aliyetoka huko. Alinivuta kwanza nitoke chini ya lori, akanikalisha juu ya tairi, ndipo akasema. "Mjomba wako kasema watazika baada ya alasiri. Fanya hima, ndugu yangu."

Baba alipokufa nilikuwa safarini, akashushwa kaburini na mikono ya wengine. Mama hakunilaumu, lakini tangu siku hiyo alikuwa na neno moja, hata tukiwa tunakula: "Mimi nikifa, mwanangu, ingia kaburini unipokee wewe." Mtoto wake nilikuwa mimi tu. Nilimwambia nitaingia, mama, tule kwanza. Sasa siku imefika na basi la huko limekwisha ondoka.

Aliyeniokoa ni Muhindi mmoja mwenye duka jirani na gereji yetu. Alikuwa na gari dogo la zamani, limelala uani kwake karibu na pwani tangu masika, maana miaka ile ya vijiji vya ujamaa spea zilikuwa hazionekani, na petroli ni ya kubahatisha. Aliposikia akasema inna lillahi, akaingia ndani, akatoka na ufunguo. "Chukua, fundi. Limekaa sana, lakini chukua." Alilisukuma mwenyewe, na kanzu yake nyeupe, mpaka likawaka. Mungu amrehemu mtu yule.

Nilikanyaga breki, zikashika, nikaridhika. Kumbe kushika si kazi. Kazi ni kuachia.

Kijiji cha Mitwero, nje kidogo ya mji, hakijaisha gari likawa zito, nalikanyagia mafuta na haliendi, halafu ikaja harufu ya kuungua. Nikashuka. Nikatema mate kwenye ringi ya nyuma: chwaa! Upande wa pili vilevile. Nikajua breki za nyuma zimeng'ang'ania. Gari lile lilikuwa na breki za sahani mpaka nyuma: sahani ya chuma inazunguka na gurudumu, na kalipa inaibana kwa pedi mbili zinazosukumwa na pistoni. Ukiachia pedali, pistoni inatakiwa irudi nyuma kidogo. Zile hazikurudi.

Nilianza na kilicho rahisi. Nikadhani ni waya wa hendibreki, nikaingia chini nikaulegeza. Wapi! Nikapiga jeki, nikafungua kinati cha kutolea upepo, nikisema labda mafuta ya breki yamenaswa bombani. Yakatoka, na gurudumu halikucheza. Basi ni pistoni zenyewe, zimeliwa na kutu ya chumvi. Nikavua magurudumu, nikachomeka bisibisi kubwa kati ya pedi na sahani, nikazirudisha moja moja, nikipaka mafuta ya breki na kuzipigapiga kwa nyundo. Zikaachia. Nikaapa sigusi breki tena, nitakwenda kwa gia mpaka kwa mama.

Nikaenda. Kila kijiji nikipita naanza kupiga honi mbali, watu wanadhani ni mkubwa fulani wa serikali, wanasimama kandokando. Lahaula, laiti wangejua! Lakini kwenye mteremko wa Mbwemkuru mbuzi wakajaa barabarani, nikakanyaga. Ningefanyaje? Zikang'ang'ania upya, na safari hii bisibisi ikazirudisha nusu tu.

Dawa nilikuwa naijua tangu Mitwero. Unalikata bomba la breki za nyuma, unalikunja ncha, unaliponda lisivuje, unazing'oa pedi za nyuma, unakwenda na breki za mbele peke yake. Lakini gari si langu, na bomba kama lile hukuweza kulipata hata Dar es Salaam. Mtu kanipa gari kwa moyo mweupe, nimrudishie limekatwa? Nikalala chini ya gari na adhuhuri inapita, nikilibembeleza kama mtoto mgonjwa, nikilitukana, nikilibembeleza tena. Mwisho nililia. Nikachukua msumeno, nikakata.

Maji yangu ya kunywa niliyamalizia kwenye sahani zilizokuwa zinafuka moshi.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipofika. Walikuwa wamekwisha mswalia, na jeneza liko kando ya kaburi, na watu wamekaa chini wakiningoja, wengine wamefika kwa miguu kutoka mbali. Mjomba alinipokea. Nilitaka kusema habari ya breki, akanizuia. "Umefika, baba. Nawa uingie, maghribi hii."

Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, masizi ya breki yamechanganyika na grisi. Nikaomba sabuni. Watu wakatazamana. Duka la kijiji lilikuwa halina sabuni mwezi mzima, na kipande cha mwisho, kilichopatikana nyumba ya tatu, kilikuwa kimeishia kumwosha mama. Wakaniletea jivu na mchanga. Nikasugua mpaka ngozi ikawaka, na maji yakawa yanatoka meusi tu.

Mjomba akatazama jua. "Shuka, baba. Ni mama yako."

Nikashuka. Nikainua mikono, wakanipa. Alikuwa mwepesi, jamani, sikujua kama mama alikuwa mwepesi hivyo. Nikamlaza ubavu wake wa kulia, nikasoma yanayosomwa, na nilipomwachia nikaiona sanda. Begani na kiunoni, palepale nilipomshika, vidole vyangu vyote vilikuwa vimejichora, vyeusi, unaweza kuvihesabu. Nikaanza kufuta kwa kiganja na doa likatanuka.

"Usifute," mjomba akasema kutoka juu. "Unazidisha. Fungua vifundo."

Vifundo vya sanda vilikuwa vitatu, na nilivifungua vyote kwa mikono ileile.