Spika na Filamu ya Binti Mkimya

Wapo waliojaliwa sura, wapo waliojaliwa mali. Spika alijaliwa mdomo. Katika kibanda chake cha video, chenye mabenchi ya mbao na pazia zito mlangoni, alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, akizitia filamu za kigeni Kiswahili papo hapo. Jambazi akifyatua risasi, Spika anamsuta. Mtu akipiga chafya, Spika anampa pole. Shule aliiachia njiani, lakini hakuna lugha iliyowahi kumshinda, maana asichokielewa alikitunga.

Tatizo ni kwamba mdomo ule hakuuacha kibandani. Mwalimu alipomuuliza binti wa Spika anataka kusomea nini, Spika akadakia, "Unesi." Tangu siku hiyo binti, ambaye ndiye aliyekuwa akimwendeshea mitambo, alifunga kinywa. Shikamoo ya asubuhi, basi. Spika mwenye maneno ya kugawa mtaa mzima akawa na njaa ya neno moja la mwanawe.

Jumapili moja mchana akaweka filamu ya ajabu. Hakuna bunduki, hakuna mapenzi. Msichana anakua, ananyoa nywele, anaikataa shule aliyochaguliwa, kisha anakaa mezani kwa chakula na baba yake, wanatazamana. Kimya. Spika akaona watu wataanza kutoka, akamchomekea msichana maneno: "Baba, nisamehe. Wewe ndiye unayejua linalonifaa."

Kutoka nyuma, penye swichi, sauti ikasema, "Hakusema hivyo, baba."

Vichwa vyote vikageuka.

"Kasemaje basi?" akauliza fundi viatu.

"Hajasema kitu," binti akajibu. "Anasubiri aulizwe."

Hapo ubishi ukawaka.

"Filamu gani hii, hata kofi hakuna?" fundi viatu akanung'unika. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyo kadekezwa."

"Wewe wa kwako ukikohoa tu wanaruka dirisha," akamkata shangazi muuza mitumba. "Asiye na adabu ni huyo baba. Anatafuna tu."

"Mwisho wanapatana?" akauliza kinyozi.

"Inaishia hapohapo mezani," binti akasema.

"Basi hiyo si filamu," akasema kinyozi, "hapo ni nyumbani kwangu."

Wakacheka, wakataka kile kipande kirudiwe wajionee wenyewe. Binti akarudisha nyuma. Spika akainua kipaza sauti, akakutana na macho ya mwanawe, akakizima. Siku hiyo ndiyo watu walijua kibanda kile kina feni, maana waliisikia. Hakuna aliyetoka.

"Mbona huyo mtoto kama ananitazama mimi?" fundi viatu akanong'ona.

Watu walipotawanyika, binti akaanza kukunja nyaya. Spika akaketi benchi la mbele. Maneno yalimjaa kinywani, akayameza moja moja, machungu kama dawa.

"Mwanangu," akasema, "unataka kusomea nini?"

Kisha akanyamaza. Tusidanganyane, ulimi hauna mfupa, na wa Spika haukuwahi hata kuwa na kamba. Alijishika magoti, akajikuna shingo, akaikodolea macho dari. Mara mbili kinywa kilifunguka. Mara mbili akakifunga.

Binti akazimaliza nyaya zote, akazifunga.

"Umeme," akasema. "Kwani mitambo yako ikifa nani anaifufua?"

Spika alikuwa na la kusema kuhusu umeme, tena refu. Akasogea pembeni, akampisha nafasi kwenye benchi.

"Kaa, mama," akasema. "Nakusikiliza."